Basi Lililoinama Upande wa Mlango

Basi huangaliwa kwa nyuma. Ndivyo alivyotufundisha baba, na mpaka leo nikipita Bondeni nikakuta basi limesimama, sipiti mpaka nizunguke nyuma yake nitazame kama mabega yake yamekaa sawa. Watu hudhani namtafuta mtu aliye ndani. Mimi natazama ile nafasi iliyo baina ya tairi na bodi, kulia na kushoto. Basi likichoka halifichi. Bega moja hushuka, na bega likishuka kuna chuma huko chini kilichokata tamaa.

Letu lilikuwa likishuka kushoto, upande wa mlango. Na mimi nilikuwa nikijua, au nikidhani najua, ni nani anayelishusha.

Baba alikufa kwanza. Mama alimfuata kabla hajatoka eda. Nilikuwa kidato cha pili, mkubwa wa watatu, na suala la skuli halikuhitaji mkutano: nilizikunja sare zangu nikaziweka akiba kwa mdogo wangu wa kike, ingawa wakati huo zilikuwa zikimfika vifundoni. Wazee walituachia vyumba viwili katika Mji wa Kale, ghorofa ya juu, na basi ambalo umri wake ulikuwa ukinikaribia. Basi halingeweza kuingia kwenye vichochoro vyetu hata lingekatwa nusu, kwa hiyo lililala nje, kwenye uwanja ulio karibu na barabara, na mimi nikajifunza kuamka nikiliwaza kama wengine wanavyowaza mtoto aliyelala kwa jirani. Asubuhi lilichukua watoto wa madrasa, alasiri likawarudisha. Mwisho wa wiki lilipeleka watu harusini na mazikoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yetu, na hatukuwa na nyingine.

Ami, ndugu yake baba wa tumbo moja, ni fundi wa springi. Gereji yake iko Tononoka, nyuma ya ukuta mrefu ambao mtu asiyeijua angedhani ni wa ghala. Baada ya khitma ya mama alikuja nyumbani, akakaa na mashangazi, akasema mbele yao kwamba basi liuzwe. Mnunuzi alikuwa naye tayari. Basi kuukuu, alisema, ni kama mke wa pili: kila ukimpa hutaka tena, na haoni haya kukudai mbele za watu. Mashangazi walicheka huku machozi hayajakauka. Mimi nikasema haliuzwi. Sikusema kwa sauti kubwa, lakini nilisema mara mbili ili asidhani limenitoka kwa bahati mbaya.

Ami hakubishana. Alijipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote siku ile, akasema vyema, haliuzwi, lakini springi zake asiziguse mtu mwingine ila yeye. Mashangazi wakamwombea dua. Wakaniambia nina bahati ya kuwa na ami kama huyu. Mimi nililisikia neno lile kwa sikio jingine. Mtu ametaka kitu auze, akakataliwa, sasa anataka kila kitu hicho kikiugua kiletwe kwake.

Lakini ningefanya nini? Mji wetu ni mdogo. Ukipeleka basi kwa fundi wa nje ilhali ami yako ana nyundo, huwa hujatengeneza basi, umepiga mbiu. Kabla nati ya kwanza haijafunguliwa, wauza kahawa watakuwa wanajua kuwa nyumba fulani imegawanyika.

Kwa asiyejua, niseme kidogo. Chini ya basi kuukuu hakuna maajabu. Kila pembe imebebwa na fungu la vyuma virefu, bapa, vilivyopinda kama ganda la tikiti, kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini. Mafundi huita kila chuma jani, na fungu zima springi. Bolti moja hupenya yote katikati, kisha fungu hufungwa kwenye ekseli kwa yubolti, zile bolti ndefu zilizokunjwa zikabaki na miguu miwili. Miaka ya kubeba watu huyanyoosha majani. Fundi huyatoa, akayapiga kwa nyundo yakiwa baridi, kidogo kidogo, mpaka yarudie mpindo wake. Kazi hiyo haitaki pupa. Fundi mwenye pupa huyatia motoni, yakapinda upesi, na baada ya muda mfupi yakalala tena, maana chuma cha springi kikishaonja moto hupoteza nguvu zake. Na kuna fundi wa aina ya tatu, asiyepiga wala asiyechoma. Huyu huchukua jani zima la mteja, akaweka bovu mahali pake.

Mimi nilitaka kujua ami yangu ni fundi wa aina gani.

Kila nikilipeleka, lilirudi limesimama wima kama askari. Wiki chache zikipita, bega la kushoto lilianza kushuka. Baba alikuwa akipima kwa shibiri, kidole gumba juu ya tairi na kidole cha mwisho kwenye ukingo wa bodi. Shibiri yangu ni fupi kuliko yake, lakini kazi ni kulinganisha tu, na mimi nililinganisha kila asubuhi kabla watoto hawajapanda. Nilipima uwanjani, na dereva aliponiambia uwanja wenyewe una mteremko, nikamwambia alipeleke penye sakafu ya saruji, nikapima tena. Saruji nayo ilisema maneno yale yale.

Dereva wetu alikuwa mtu mzima wa Kaloleni, aliyekuwa akiendesha basi hilo tangu enzi za baba, na hakumpenda ami. Sababu sikuijua. Siku moja, mimi nikiwa nimechutama kando ya gurudumu, aliniuliza ami ana mbuzi wangapi.

"Hana mbuzi," nikamwambia.

"Basi haya majani ya springi yaliwa na nani, bosi?"

Nilicheka, na baada ya kucheka nikakosa raha siku nzima. Wiki ile ile aliniletea habari nyingine. Mtu mmoja mwenye kanzu safi alikuja uwanjani, akalizunguka basi, akalipiga tairi teke dogo la mtu anayekagua mali, kisha akamuuliza: "Bado lainama?" Dereva alimjibu aulize wenyewe. Mtu akaenda zake.

Bado. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo alijua liliinama tangu zamani. Na nani alimwambia, kama si yule aliyesema siku ya khitma kuwa mnunuzi anaye? Nikaanza kuona mpango mzima: ami analilegeza basi polepole, mimi nachoka, watoto wanahamishwa, na siku moja mimi mwenyewe naenda Tononoka kumwomba anitafutie yule mtu wa kanzu.

Maalim mkuu wa madrasa aliniita karibu na mwisho wa likizo. Hakunikaripia. Alinikalisha, akaniulizia hali za wadogo zangu mmoja baada ya mmoja, akawaombea wazee wetu, akaniuliza kama paa letu bado lavuja, na aliposhukuru Mungu kwa yote hayo ndipo alipofika kwenye jambo lenyewe.

"Wazazi wanalalamika kuwa basi limelala upande. Mimi si fundi, mwanangu. Lakini watoto ni amana. Madrasa ikifunguliwa nalo bado limelala, nitatafuta jingine, na usinilaumu."

Nilimwambia sitamlaumu. Nilitoka nikiwa najua kwamba bila watoto wale harusi na maziko havitoshi, na kwamba nyuma ya mlango huo kuna mlango wa mnunuzi.

Ndipo nilipochukua rangi ya kucha ya mdogo wangu. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, ameinunua dukani nyuma ya Marikiti kwa ajili ya Idi, na alipoiona mkononi mwangu aliniuliza tangu lini mimi napaka kucha. Nikamwambia si kucha zangu. Akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza la pili, akaliacha.

Baada ya adhuhuri, dereva alipokwenda kula, nilijifunga leso kichwani nikaingia chini ya basi kwa mgongo. Nilipaka tone moja kwenye kila jani la fungu la kushoto la nyuma, upande wa ndani, mahali ambapo mtu hatazami. Yalipokauka nikayapaka vumbi na grisi mpaka hata mimi ilinibidi kuyatafuta. La kulia sikuligusa. Nikatoka, nikajikung'uta, nikamwambia dereva kesho yake tulipeleke Tononoka.

Sasa nieleze habari ya kiti. Kila nikienda gereji ya ami, kabla sijamaliza kusema sabalkheri, hutolewa kiti cha plastiki kikawekwa nyuma ya ukuta wa mabati, kivulini. Huletwa chai ya maziwa na mahamri kutoka kwa mama aliye jirani. "Mtoto wa ndugu yangu hakai kwenye grisi," ami husema, na wote pale huitikia kuwa ndiyo heshima. Ilikuwa heshima kweli. Angemweka binti yake mwenyewe pale pale. Lakini mtu aliyekalishwa nyuma ya mabati na mahamri mkononi haoni kinachotolewa wala kinachorudishwa chini ya basi lake, na akisimama kuchungulia, huwa ameikataa chai ya ami yake.

Siku ile nilikaa. Nilisikiliza. Nyundo ililia kwa mlio mkali, mkavu, mlio wa chuma baridi. Nilinusa kama paka, nikitafuta harufu ya makaa, nisiipate. Kwa hiyo si fundi wa pili, nikajiambia. Nilikunywa chai yote, na mahamri niliwapelekea wadogo zangu, ili asione kuwa nimeacha kitu.

Basi lilirudi limesimama. Safari hii lilisimama vizuri kuliko wakati wowote tangu baba afariki. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaenda kulala. Mimi nilingoja dereva aondoke, nikaingia chini.

Kushoto hapakuwa na tone hata moja. Nikajivuta mpaka upande wa kulia, nikasugua kwa kidole, na nyekundu ikatokea: jani kubwa, ndiyo, na yale mafupi, ndiyo. Mafungu yalikuwa yamebadilishana pande. Lakini jani la pili, lile linaloshika jani kubwa mgongo, halikuwa letu. Letu lilikuwa na ncha za mviringo. Hili lilikuwa limekatwa pembe, na lilikuwa na kutu ya mahali pengine.

Nilikaa chini ya basi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Usisahau kwamba basi lilikuwa limenyooka. Madrasa ilikuwa karibu kufunguliwa, na maalim angelitazama akaridhika. Ningenyamaza, tungekula. Mdogo wangu wa kiume, nilipomwambia, alitaka kwenda Tononoka saa ile ile kupiga kelele, na nilimwambia akae chini. Tukienda kwa kelele, nilimwambia, tutarudi na kelele, na jani litabaki huko. Lakini kunyamaza nako sikukuweza. Watoto wale walikuwa wakikaa juu ya chuma nisichokijua kilitoka wapi.

Nilikwenda peke yangu, asubuhi, bila basi na bila habari. Sikumkuta na mteja. Alikuwa amekaa juu ya kigogo anakunywa kahawa, na mchomeleaji wa jirani yake, mtu mwenye mdomo, alikuwa akimsimulia jambo. Waliponiona walisimama wote. Mchomeleaji akasema loo, leo bibi harusi amekuja bila gari. Ami akaanza kutafuta kiti.

Jani letu lilikuwa limeegemezwa ukutani, wazi kabisa, pamoja na vyuma vingine. Mtu hakuwa amejisumbua hata kulificha. Tone langu lilikuwa bado lipo, limefifia.

"Ami," nikasema, "usinipe kiti. Lile jani ni letu?"

Alilitazama. Akalitazama tone, akanitazama vidole vyangu.

"Ni lenu."

"Lafanya nini hapa?"

Mchomeleaji aligundua ghafla kuwa ana kazi kwake, akaondoka. Ami aliweka kikombe chini. Alilichukua jani, akalimwagia mafuta ya taa katikati, karibu na tundu la bolti, akalifuta kwa kitambaa mpaka likakauka. Kisha akachukua chaki, akaisaga kwa kidole juu ya chuma kikawa cheupe. Tulingoja. Polepole, juu ya ule weupe, ukatokea mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka tundu mpaka ukingoni. Mafuta yalikuwa yakitoka ndani ya ufa.

"Lingekatika," alisema. "Si leo. Lakini lingekatika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema nini?"

Niliutazama ule mstari.

"Ungesema nimelivunja mimi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma bango la barabarani. "Tangu siku ile ya khitma waniangalia kama mwizi aliyekuja kuzika. Waja hapa, wanywa chai, wahesabu. Wadhani sioni? Jani lenu jingine, fupi, lilipopata ufa mwaka ule wa khitma, nikasema nitaweka langu, asijue, asinidhanie. Langu lilikuwa laini, basi likainama. Nikaweka jingine. Likainama. Safari hii nikahamisha mafungu, maana upande wa mlango ndio unaopandwa na kila mtu, nao huchoka kwanza."

Hapo ndipo ningepaswa kuona haya, na labda mtu mwema kuliko mimi angeona. Mimi nilikuwa nikifikiri. Nilimuuliza ufa ule ulisababishwa na nini. Akasema huenda ni barabara, huenda ni mizigo ya harusi, maana watu wakienda kumfungulia bibi harusi nyumba hupakia kabati na jokofu, kisha wakapanda juu yake wakaimba. Kisha akasema huenda pia ni nyundo yake. Alikuwa akilipiga jani hilo kwa miaka, na chuma nacho huchoka kupigwa.

Niliuliza juu ya mtu wa kanzu. Nilikuwa nimefika mbali, sikuona sababu ya kurudi nyuma.

"Alikwambia nani kuwa lainama?"

"Mimi. Aliniuliza, nikamwambia lainama. Ulitaka nimwambie lapaa?"

Nililipima jibu hilo huku na huku. Mtu akitaka kumfukuza mnunuzi humwambia mali ni mbovu. Na mtu akitaka kumshushia mnunuzi bei humwambia vile vile. Neno moja, na mimi sikuwa ndani ya moyo wake. Mpaka leo sijaingia.

Kwa hiyo sikuomba radhi, na yeye pia hakuniomba. Nilimwambia ninachotaka. Jani lile la ncha za pembe litoke. Majani mawili ya pili yatafutwe, ya kulia na ya kushoto, yote yawe yametoka basi moja ili yachoke pamoja. Kila jani lioshwe na kupakwa chaki mbele yangu. Na siku hiyo nitasimama, sitakaa. Alisema madrasa inafunguliwa keshokutwa, na likishafunguliwa chini huenda lisifungike kwa wakati. Nikamwambia najua. Alisema lilivyo sasa maalim hataona kitu. Nikamwambia najua hilo pia.

Alinitazama, akachukua kofia yake.

Tulikwenda pamoja kwa muuza vyuma chakavu, yeye mbele na mimi nyuma hatua mbili, kama ndugu wanaokwenda msibani. Palikuwa na basi lililochinjwa, la aina ya letu. Ami alilala chini yake na suruali yake safi, akagonga majani kwa ufunguo na kusikiliza. Mara mbili alitikisa kichwa. Mara ya tatu aliniita nisikilize. Sikusikia tofauti, nikamwambia sisikii, akagonga bovu, akagonga zima, akagonga bovu, mpaka nikasikia: zima lilikuwa na mlio unaobaki hewani, bovu mlio wake ulianguka pale pale.

Kesho yake niliingia gerejini kabla ya chai. Mchomeleaji alinisalimia kwa kuniita mkaguzi wa serikali, akawauliza wenziwe kama leseni zao ziko karibu. Kiti kilitolewa kwa mazoea, kikakaa tupu nyuma ya mabati. Ami alipiga jeki, akaweka vigogo chini ya chesi, ule mfupa wa chuma unaobeba bodi, akajaribu kuisukuma bodi kwa bega ili nione haitikisiki, ndipo akazifungua yubolti. Mafungu yalishushwa sakafuni, yakafunguliwa jani kwa jani. Aliosha, akafuta, akapaka chaki, akangoja. Kila jani alilipitisha kwangu kabla halijarudi, na mimi nililigeuza pande zote mbili. Mengine niliyatazama zaidi ya ilivyofaa. Hakuniharakisha. Jani moja fupi lilitoa mstari ambao haukuwa ufa bali mkwaruzo tu, nami nikasema rudia. Alirudia.

Yale majani mawili ya pili aliyapiga baridi, akiyalinganisha juu ya sakafu: yakilazwa mgongo kwa mgongo, nafasi ya ncha kwa ncha iwe moja. Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Kisha alipaka grisi baina ya majani, akayabana, akapitisha bolti ya katikati, akalirudisha kila fungu kwenye ekseli. Zilipobaki nati za yubolti, alizianza kwa mkono, akavalisha spana, akaitia paipu ndefu ili iwe na nguvu. Hapo akasimama.

"Kaza wewe," alisema.

Nilidhani ananitania. Mchomeleaji naye alidhani hivyo, maana aliacha moto wake.

"Nani amekwambia kuwa yubolti hukazwa mara moja? Likishabeba watu wiki moja, majani hukaa mahali pake, nati hulegea. Lazima lirudi likazwe. Mara zote nilimwambia dereva wako alirudishe. Hakurudisha hata mara moja. Kwa hiyo kaza wewe, likilegea tujue ni nani."

Nilikaza. Alinionyesha kukaza kwa kuvuka, nati ya mbele kulia, kisha ya nyuma kushoto, ili fungu lisivutwe upande. Nilininginia kwenye paipu mpaka mikono ikawa na alama. Alikagua kila nati baada yangu, akaongeza mbili tu.

Jioni ile nilimuuliza dereva. Aliapa kuwa ami hakuwahi kumwambia alirudishe basi kukazwa, hata siku moja. Angemwambia, angerudisha, kwani yeye ana ugomvi gani na nati? Aliapa akinitazama machoni. Ami pia alikuwa amenitazama machoni. Mmoja wao aliliacha basi la watoto lilegee ili mwenziwe aonekane mbaya, au wote wawili walisahau na kila mmoja anakumbuka kuwa alisema. Sikumfukuza dereva, wala sikumhamisha fundi.

Siku ya kufunguliwa madrasa, maalim hakulitazama basi hata kidogo. Alipanda, akaenda akakaa kiti cha nyuma kushoto, juu kabisa ya gurudumu, akamwambia dereva amzungushe mtaa mzima. Mimi nilibaki langoni na watoto wakinivuta leso. Waliporudi, maalim alishuka taratibu, akajinyoosha joho lake.

"Watoto wapande," alisema.

Wiki moja baadaye nililipeleka Tononoka mwenyewe, nimekaa kando ya dereva. Ami alikuwa chini ya lori la mtu. Alinyoosha mkono bila kutoka, akanisukumia spana na paipu juu ya saruji, akaendelea na yake. Nikaingia chini ya basi. Nati ya kwanza haikusogea. Ya pili haikusogea, na nilianza kufikiri kuwa hii nayo ilikuwa hadithi. Nati ya tatu, ya kushoto nyuma, ilizunguka karibu robo nzima ndipo ikakataa.

Nililala pale kidogo, nikiitazama. Kisha nikamwita ami aje aone, naye akaja, akajilaza kando yangu kwenye vumbi, akaishika kwa vidole viwili.

"Hii ililegea," nikamwambia.

"Hulegea," akasema. "Wiki ijayo ulirudishe tena."